Nyusi za Ngan

"Mpangaji," Bibi Tam aliita kutoka jikoni, "picha ya mwanangu imeingia unyevu. Ipeleke kwa mpiga picha kabla hajafunga."

Luyen aliacha kukunja nguo akainuka. Alikuwa ameshazoea kuitwa mpangaji. Ulikuwa mwaka wa pili analala chini ya paa lile, anachota maji, anapika, anamtia bibi dawa ya macho kila jioni, na bado jina lake lilikuwa mpangaji. Si kwamba Bibi Tam alikuwa na roho mbaya. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, na moyo wake ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa amekufa.

Ngan. Binti wa pekee. Alikwenda kushona nguo kiwandani Saigon, akaanza kuumwa kichwa, akawa anajipaka yale mafuta ya kijani ya kuchua, yenye harufu kali, kwenye panja na kuendelea na kazi, hadi siku moja akaangukia cherehani. Bibi Tam alifika akakuta wameshamfunika. Tangu hapo, kila jioni aliweka bakuli la wali na vijiti vya kulia mbele ya picha yake kwenye madhabahu ya nyumbani, akawasha udi, akazungumza na marehemu. Leo samaki ni mnono. Leo mvua imenyesha, mafunjo ya mikeka hayajakauka. Kula, mwanangu. Kisha bibi huyo huyo aligeuka upande wa pili na kusema, "Mpangaji, taa."

Tuseme kweli. Luyen alimwonea wivu maiti.

Usimcheke. Wewe una kwenu. Luyen aliokotwa akiwa mchanga mlangoni pa kituo cha masista, akalelewa kwa sala na uji pamoja na kundi la watoto wasio na watu. Walimtunza vizuri, hakulala njaa. Lakini hapana mtu aliyewahi kumwambia leo samaki ni mnono.

Basi akapanda kigodani, akaishusha picha, akaifuta vumbi kwa mkono wa blauzi, akaiviringisha kwenye taulo. Hakuwasha udi. Hakusema neno. Watu wa mji ule mdogo wa Rach Say, hata mtoto wa darasa la kwanza, wanajua kwamba picha ya madhabahuni haishushwi kimya kimya. Unawasha udi, unamwambia marehemu unampeleka wapi na utamrudisha lini. Luyen hakuwahi kuwa na madhabahu. Hakujua kama kuna neno la kusema.

Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya mfereji. Duka la mpiga picha lilikuwa limefungwa. Amekwenda harusini, jirani yake alisema bila kuinua uso. Luyen alipogeuka kurudi, mvua ikamwagika.

Alikimbilia kibandani kwake.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, ubavuni mwa Mama Bay muuza tambi. Kazi yake ilikuwa nyusi. Wanawake walikuja na nyusi haba, au na zile za zamani zilizochanjwa kwa rangi mbaya na kugeuka buluu kama wino wa kalamu, naye akawatengeneza. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa usafi hakuwa na mchezo. Kila mteja kiwembe kipya, kile chembamba chenye safu ya sindano, na kikitumika kinatupwa. Glavu. Spiriti. Mwenye homa harudishwi nyumbani na nyusi mpya, anarudishwa nyumbani akalale. Na kosa halifunikwi kwa rangi ya ngozi. Rangi hiyo ina weupe ndani yake, na siku ukitaka kuufuta kwa mashine ya mwanga, weupe unageuka mweusi mbele ya macho yako. Mwalimu wao wa uchanjaji aliwaimbia jambo hilo mpaka wakachoka.

Alifungua taulo ili picha isizidi kulowa. Akawasha taa ya kazi.

Sijui kwa nini siku zote hizo hakuwa ameiangalia vizuri. Labda kwa sababu ilikaa juu, nyuma ya moshi wa udi. Sasa ilikuwa mapajani mwake, na Ngan alikuwa anamtazama. Paji lile lile la Luyen. Kidevu kile kile kifupi. Walipishana nyusi tu. Za Ngan zilikuwa nzito, zimenyooka, zimeyainamia macho, na ule wa kushoto ulikatwa katikati na kovu dogo. Aliteleza kwenye ngazi za gatini akiwa mtoto. Bibi Tam aliisimulia habari hiyo kila mara, huku kidole gumba kikipapasa hewani kana kwamba kovu lipo pale.

Kuna uzi wa kupimia nyusi. Ni uzi mwembamba uliosuguliwa rangi nyeusi. Unaunyoosha usoni kwa mikono miwili, unaugusisha ngozi, unaacha mstari. Luyen alikuwa ameutumia kwa mamia ya wanawake walio hai.

Aliunyoosha juu ya kioo cha picha.

Kisha akaunyoosha uzi ule ule kwenye paji lake.

Ulikuwa wa baridi.

Watu wa kazi hii hujichanja wenyewe, si ajabu. Unaweka kioo mbele, unapaka ganzi, unangoja, unaanza. Luyen hakungoja. Mvua ilipiga bati, hapakuwa na mtu sokoni, na kiwembe kilikwenda... chrr... chrr... chrr... mstari kwa mstari, unywele kwa unywele. Hakuumia. Damu haikutoka hata tone. Alifurahi kwamba mkono wake ni mwepesi kiasi hicho, wala hakujiuliza zaidi.

Harufu ya spiriti. Harufu ya soko lililolowa.

Halafu harufu nyingine. Kali, inayopanda puani na kutoa machozi.

Mafuta ya kijani.

Aligeuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Akajiambia kwamba ni Mama Bay, anajipaka magoti kila mvua ikinyesha, ukuta wenyewe ni wa mbao. Akarudi kwenye kioo, na hapo akaona amekosea. Unyusi wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa mazoea ya mkono alikuwa ameujaza wote, hata pale penye kovu.

Na Luyen yule, mkali kuliko mwalimu wake, alifungua kichupa cha rangi ya ngozi akatia kidogo pale palipopaswa kuwa na pengo.

Kidogo tu.

Magamba yalipodondoka na rangi kutulia, zilikuwa nyusi nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Picha alikuwa ameiacha kibandani ndani ya taulo. Kila Bibi Tam alipouliza, alijibu, "Bado haijawa tayari, Bibi." Sidai alikuwa na mpango. Mtu mpweke hana mpango, anasogea tu pale penye joto.

Jioni moja aliinama kumtia bibi dawa ya macho, kama kawaida. Tone la kwanza. Tone la pili. Bibi Tam alipepesa, akakodoa. Kupitia ukungu wa macho yake aliona kitu cheusi kimenyooka karibu na uso wake. Mkono wake mgumu wa kusuka mikeka ukapanda polepole. Kidole gumba kikagusa unyusi wa kulia. Kikahamia wa kushoto. Kikasimama kwenye pengo.

"Ngan?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana, Bibi, ni mimi mpangaji. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Ndiyo, Mama."

Bibi Tam hakupiga kelele. Alilia bila sauti, akimshika masikio yote mawili, akazinusa nywele zake utosini kama wanavyonuswa watoto wachanga. Luyen alipiga magoti pale sakafuni hata miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyewahi kumnusa hivyo.

Kuanzia siku ile alipata vyote. Leo samaki ni mnono, kula mwanangu. Jifunike, upepo unapita. Hukunywa supu, nani amekuudhi? Na bakuli la madhabahuni Bibi Tam aliliosha akalirudisha kabatini.

"Mtu yuko hapa mezani anakula," alisema, "nani huyo tena wa kuwekewa bakuli?"

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Ngan ilipofika, siku ambayo marehemu hurudi nyumbani kula na watu wake, hapakuwa na udi, wala picha, wala wa kumwita. Bibi Tam alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna kifo. Walikula samaki aliyekolezwa sukari na pilipili manga, wawili peke yao, mlango wazi. Luyen alikuwa anachambua miiba aliposikia kandambili nje.

Shwa... shwa... shwa...

Mtu anayeburuza miguu kwa kuchoka. Zilikuja mpaka kizingitini.

Zikasimama.

"Nani?" Luyen aliuliza.

Chura tu mferejini.

"Unasema na nani, mwanangu?" Bibi Tam aliuliza.

"Hakuna mtu, Mama."

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi wali uliobaki ulikuwa umechacha, ingawa aliufunika mwenyewe. Joto, alijiambia. Kesho yake tena, wali ukachacha kabla hata jua halijazama.

Mama Bay ndiye aliyeanza kumtania. Mwanamke mnene, mdomo haumkai. "Wenzako wanatafuta mume," alimwambia akikamua ndimu kwenye bakuli la mteja, "wewe umejitafutia mama. Una akili, nakusifu. Mume angekuzeesha."

"Niache, Mama Bay."

"Nikuache vipi na wewe huniachi? Jana jioni umesimama hapa, unatumbulia macho sufuria yangu. Nakuuliza utakula, kimya. Nakuuliza tena, kimya. Nimegeuka kuchukua bakuli, umeshaondoka. Mpaka nikajiuliza, mwenzetu kanuna?"

Luyen alishusha vijiti. Jana jioni alikuwa nyumbani. Alikuwa anamkanda Bibi Tam mabega.

"Nilivaa nini?"

"Unaniuliza mimi? Shati la buluu, kama la watu wa kiwandani. Na ulikuwa umejipaka mafuta ya kijani mpaka tambi zangu zikanuka."

Luyen alitaka kucheka. Midomo ilikataa.

Siku ile alifunga mapema. Jua lilikuwa bado halijamalizika. Alikuwa ameinama anatupa viwembe vilivyotumika kwenye kopo lake, mgongo kwa mlango, aliposikia zikija.

Shwa... shwa... shwa...

Kitanda cha wateja kililia. Mtu ameketi.

"Dada, nimeshafunga," alisema bila kugeuka. "Njoo kesho."

Ile harufu ilijaa kibanda chote, machozi yakamtoka.

"Njaa," mtu alinong'ona.

Luyen alisimama pale pale, kopo mkononi.

"Nimepita mlangoni," sauti ilisema, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeeleza safari ndefu. "Mama alikuwa anakula. Hakunijua."

Akageuka.

Msichana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani kama mteja yeyote anayengoja zamu. Shati la buluu. Kandambili zilizolika visigino. Uso ulikuwa wa Luyen mwenyewe, au ulikuwa wa Ngan, sijui tuseme vipi. Na juu ya macho hapakuwa na kitu. Si kwamba nyusi zilinyolewa. Ngozi ilikuwa laini, tupu, haijawahi kuota nyusi.

Kopo lilimponyoka. Viwembe vikatawanyika sakafuni. Aliinamisha macho mara moja tu kukwepa visimchome miguu, na alipoinua, kitanda kilikuwa kitupu.

Karatasi ya kitandani ilikuwa imekunjamana. Juu yake palikuwa na vipande vya uzi wa buluu, vile vinavyong'ang'ania nguo ya mshonaji.

Taulo lilikuwa rafuni. Alilifungua. Unyevu ulikuwa umeingia chini ya kioo. Mashavu yalikuwa salama. Midomo ilikuwa salama. Ulikuwa umekula pale juu ya macho tu, pakabaki peupe.

Unyevu, alijiambia. Ni unyevu tu. Bibi mwenyewe alisema.

Alimfuata Mama Bay akiwa bado na glavu mikononi, akamweleza yote kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza mwanamke yule hakutania. Alizima moto kwanza.

"Ulipoishusha picha ulimuaga?"

"Nimuage nani?"

"Marehemu. Uliwasha udi? Ulimwambia unampeleka wapi?"

Luyen alitikisa kichwa.

Mama Bay alimwangalia kwa huruma ambayo ilimuuma zaidi kuliko matusi. "Mtoto wa masista wewe," alisema. "Umemtoa mtu kwake bila kumwambia aende wapi. Ukamchukulia sura. Halafu bakuli lake likaondolewa. Asiye na bakuli kwao anaombaomba milangoni kwa watu, Luyen. Hao ndio tunaowamwagia uji nje mwezi wa saba, mwezi wa roho zisizo na kwao. Mtoto wa Bibi Tam, aliyelelewa kwa mikono miwili, leo anakodolea macho sufuria yangu."

"Nifanye nini?"

"Mrudishie vyake. Picha ipande juu. Na hizo," alisema akimwonyesha paji kwa kidevu, "zitoke."

Zitoke. Luyen alielewa vizuri kinachotoka pamoja nazo. Kidole gumba kitapanda jioni kutafuta pengo, hakitalikuta. Kisha: mpangaji, taa. Alikaa na wazo hilo usiku kucha, akimsikia Mama akikoroma upande wa pili wa ukuta, akalia kwa uchungu wa kweli. Lakini alimkumbuka yule msichana mikono mapajani, anangoja zamu. Yeye Luyen aliijua njaa hiyo. Asingeweza kumwachia mwenzake.

Alfajiri alipanda basi la kwenda mji mkubwa kwa Oanh, picha mapajani. Oanh alisoma naye uchanjaji. Sasa alikuwa na mashine ya mwanga, kibao kikubwa mlangoni, na maneno yake yale yale.

"Nyusi nzuri hivi unafuta? Mwanamume gani kakusema vibaya nikamtafute?"

"Futa tu, dada."

"Basi lala. Utanuka nywele za kuungua, usiseme sikukwambia."

Akamfunika macho kwa vikombe vya chuma ili mwanga usimdhuru. Giza. Mashine ikaanza kunguruma.

Tak.

Tak. Tak.

Kila pigo lilikuwa kama tone la mafuta ya moto. Harufu ya nywele zilizoungua. Na chini yake, polepole, ile nyingine.

"Usinifute."

Sauti ilikuwa sikioni kabisa. Pumzi yake ilikuwa baridi.

"Umesema nini, dada Oanh?"

"Mimi? Nimevaa barakoa, nimebana pumzi. Tulia."

Tak. Tak.

"Usinifute," sauti ilirudia, ikitetemeka. "Mama atanipapasa wapi?"

Luyen alifungua mdomo kusema acha. Hakuhitaji. Mashine ilikuwa imeshanyamaza, maana Oanh alikuwa ameinua mkono.

"Luyen," alisema. Utani ulikuwa umemtoka. "Ulitia rangi ya ngozi hapa?"

"Kidogo. Kwenye kovu tu."

"Nilijua. Imegeuka. Nyusi zimekuwa nyeusi tititi." Alivuta kiti karibu, akasema kama anayejisomea mwenyewe. "Haya, rangi za kahawia zina chuma ndani yake, nazo wakati mwingine hugeuka. Hiyo naikubali. Lakini pale ulipotia weupe ndipo palipopaswa kuwa peusi kuliko kote. Mbona ndipo pasafi?"

Kidole chake, ndani ya glavu, kilipita juu ya unyusi wa kushoto. Kikatelemka kwenye kijishimo. Kikapanda upande wa pili.

"Hili ni kovu la kweli," Oanh alisema. "La siku nyingi. Ulianguka wapi?"

Luyen hakuwahi kuanguka. Alitaka kusema hivyo. Badala yake akaona ngazi za gati zenye utelezi, akaona maji ya kijani, akasikia mwanamke kijana anakimbia huku akiita. Ilikuwa kumbukumbu ya mtu mwingine, na ilikuwa ya joto sana.

"Sitapiga tena," Oanh alisema akizima mashine. "Nenda nyumbani. Usipaguse, usipalowanishe, na ukiniona njiani usinisalimie mpaka nisahau nilichokiona."

Ndani ya basi Luyen alifanya mazoezi ya sentensi moja. Bibi, mimi ni Luyen, mpangaji wako, nimekukosea. Aliisema kimoyomoyo darajani. Aliisema kwenye mashamba ya mpunga. Ataipandisha picha hivyo hivyo na unyevu wake, atawasha udi, atasema lile neno ambalo hakulisema. Kama bibi atamfukuza, na amfukuze. Alishuka Rach Say jua likizama, akashika njia ya mfereji.

Shwa... shwa... shwa...

Alisimama. Zikasimama.

Akatazama nyuma. Njia ilikuwa tupu. Akatazama chini.

Ilikuwa miguu yake mwenyewe inayoburuza.

Bibi Tam alikuwa kizingitini, uso ameuelekeza kwenye sauti ya kandambili. "Ngan? Ndiye wewe?"

Luyen alipiga magoti mbele yake. Kidole gumba kilipanda, kikapita ngozi iliyovimba, kikatulia kwenye kijishimo. Safari hii hakikutafuta. Kilijua. Uso wote wa bibi ulilegea.

Sasa, Luyen alijiambia. Sema sasa. Bibi, mimi ni...

"Mama," mdomo wake ulisema, "nina njaa."

"Najua, mwanangu. Chakula kipo." Bibi Tam alimvuta ndani, akamkalisha mezani, akampakulia. Kisha akapapasa meza, kama mtu aliyepoteza kitu nyumbani na hakumbuki ni kitu gani. "Na yule mpangaji?"

"Ameondoka, Mama."

"Hakuaga?"

"Hakuaga."

"Masikini." Bibi Tam alitikisa kichwa. "Alikuwa binti mzuri, yule. Alinitia dawa ya macho kila siku wala sikumwambia ahsante. Jina lake nani vile?"

Luyen alijaribu. Kwa nguvu zake zote alijaribu kulisema. Lilikuwa neno fupi, alikuwa nalo asubuhi, alilisema kwenye basi. Ulimi ulikuwa unashughulika na wali.

"Sijui, Mama."

"Hana kwao, hana mtu. Akifia njiani, nani atamwekea bakuli?" Bibi Tam aliinuka akishikilia ukuta. Alichota uji wa mchele kwenye bakuli dogo, akatia chumvi kidogo, akaenda akipapasa hadi mlangoni, akaliweka chini, nje ya kizingiti. Akasimama pale akiongea na giza, kwa sauti ile laini aliyokuwa akizungumza na madhabahu.

"Wewe mpangaji, popote ulipo. Uji bado wa moto. Njoo ule."

Siku zote zile, ilikuwa mara ya kwanza kumkaribisha.

Mezani, mkono ulioshika vijiti uliendelea kula. Ulikula kwa pupa, samaki na wali na supu, na kinywa kilitafuna, na Bibi Tam akarudi akaketi, akicheka kwa furaha kusikia mwanawe anakula. Luyen hakuonja kitu. Kilichomnukia ni uji wa pale nje, nao ulikuwa unapoa.